Nyuma ya mizigo ya Askofu: siku saba kutoka Rabai hadi Namirembe

Siku ya kwanza, Jumatatu. Kengeleni

Kila mtu wa Mombasa ameshapita Kengeleni. Makanga anapiga bati la matatu, anaita "Kengeleni, Kengeleni shuka!", watu wanashuka, na hakuna anayeinua kichwa kuitazama kengele yenyewe. Mimi nimepita hapo tangu shule ya msingi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama chini yake.

Aliyenisimamisha ni mjomba wangu, ana miaka 71, mzee wa kanisa mstaafu (kama mzee wa kanisa hustaafu). Kwa miaka mingi amekuwa na neno moja: kabla hajafa ataifuata njia ya Askofu Hannington, yule Mwanglikana, mpaka alipouawa. Si kwa ajili ya Askofu hasa. Katika ukoo wa mamangu kuna babu aliyebeba mzigo katika msafara ule wa 1885 asirudi. Bibi alikuwa akimtaja "Yule Aliyekwenda". Jina lake halisi lilipotea kwa wazee wa kabla ya Bibi.

Basi tumeanzia hapa. Hapa ndipo Frere Town, mji ulioanzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa baharini kwenye majahazi. Kengele iliwaita watu kazini na kanisani, na ilikuwa pia kengele ya hatari, kwa sababu wenye watumwa wa mjini hawakuupenda mji huu hata kidogo. Kila mtoro aliyepokewa ng'ambo hii ya maji alikuwa hasara kwa mtu wa ng'ambo ile. Wakatishia kuja kuuteketeza.

Nilikuwa nikidhani chuki ile ilikuwa ya dini kwa dini. Mjomba akacheka. "Mwanangu, Krapf, mmisionari wa kwanza wa CMS, alipofika hapa 1844 alikuja na barua ya Sayyid Said mwenyewe. Kadhi wa Mombasa akamsaidia lugha. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu ya Isa bin Mariamu. Maneno yalianza walipogusa mali."

Tukavuka tukala mahamri na mbaazi. Kaburi la mke wa Krapf, Rosine, liko upande huu huu wa Nyali. Alikufa pamoja na kitoto chake kichanga miezi michache tu baada ya kufika. Hatukwenda. Jua lilikuwa kali na Mjomba ana mguu.

Siku ya pili, Jumanne. Rabai

Kutoka Mombasa mpaka Rabai ni safari ya asubuhi moja. Unapanda, minazi inaanza kuwa mingi, na ukigeuka nyuma unaiona bahari. Krapf aliona vivyo hivyo, akaandika kwamba hewa ni nzuri na wazee wamekubali. Agosti 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakahamia.

Nyumba zao bado zipo, ndogo, kuta nene, ndani ya kiwanja cha kanisa na shule. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Watoto walikuwa mapumziko ya saa nne, wanacheza mpira wa makaratasi kwenye ukuta wa nyumba ya mtu aliyewaandikia Wazungu kwamba kuna theluji Kilimanjaro, wao wakambishia miaka na miaka.

Rebmann ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko Krapf. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa, mlolongo wa misheni kutoka bahari moja hadi nyingine. Rebmann alikaa. Miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mke akafa, macho yakaingia giza, na alipoondoka 1875 akiwa karibu kipofu, Wakristo wake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Warabai hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Walimsikiliza, wakampa heshima yake, wakaenda zao kaya, makao yao ya kimila. Huo nao ni upinzani, na nadhani ni mgumu kuliko mkuki.

Kilichoijaza Rabai ni watoro. Walitoka mashamba ya pwani usiku, wakapanda huku, wakajenga. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni walipewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana zao fidia. Bibi alikuwa akisema hati ya nyumba yetu ililiwa na mchwa. Mjomba anapiga hesabu tofauti: "Yule Aliyekwenda aliondoka 1885. Hati zimekuja 1889. Maana yake alikufa kitabuni bado ni mali ya mtu."

Msafara wenyewe uliondoka hapa Julai 23, 1885. Zaidi ya watu 200. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32, juu ya kichwa au begani: merikani, shanga, waya, sukari ya Mzungu, hema la Mzungu. Dukani kwa Mchagga aliye karibu na stendi Mjomba aliona mfuko wa saruji, akauliza uzito. Kilo 50. Akaniambia niunyanyue. Nikaunyanyua mpaka magotini, mwenye duka akatucheka wote wawili.

Aliyekuwa wa pili katika msafara ule ni William Jones, Myao. Aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na manowari ya Kiingereza, akasomeshwa India huko Nasik, akaletwa Rabai 1864. Hannington alimpa ushemasi mwaka ule ule wa 1885. Ukisikia "Askofu alipita nchi ya Wamasai", kumbuka kwamba aliyekuwa akisemezana na watu, akihesabu mizigo jioni na kuamua ugomvi wa wapagazi ni Jones.

Siku ya tatu, Jumatano. Treni

Madaraka Express kutoka Miritini saa mbili asubuhi, Nairobi mchana. Nyika ya Taru, iliyowanyima maji siku kadhaa, sisi tumeipita kwenye kiyoyozi huku Mjomba akilalamika baridi. Tsavo tuliona tembo wanne wekundu. Sina zaidi ya kuandika, na sidhani ni haki kuandika zaidi.

Siku ya nne, Alhamisi. Nairobi hadi Mumias

Matatu ya watu 14, mguu wa Mjomba umewekwa juu ya begi langu, saa tisa barabarani. Mwaka 1885 hapakuwa na Nairobi. Palikuwa na Ngongo Bagas, kituo cha misafara, na msitu wa Wakikuyu ambao misafara iliuogopa kwa mishale, kisha Naivasha, kisha Bonde la Ufa lote. Ziwa Bogoria liliitwa Hannington miaka mingi kwa sababu alipita pale safari hii hii. Kwa Wamasai unalipa hongo. Neno hilo wakati ule halikuwa na aibu lililo nayo leo: ilikuwa ushuru, unalipa waziwazi, mbele ya watu.

Kwa nini alipita huku? Njia ya kawaida ya kwenda Buganda, ufalme aliokuwa akiuendea, ilizunguka kusini, kupitia Unyamwezi hadi ng'ambo ya ziwa. Hannington aliijaribu 1882 akaugua vibaya mno, akarudishwa akiwa hoi. Msafiri Mwingereza Thomson alipothibitisha kwamba mtu anaweza kukata moja kwa moja nchi ya Wamasai, Askofu akaona hewa ni nzuri na njia ni fupi. Yote mawili kweli. Ambalo hakulipa uzito ni kwamba Buganda ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na Busoga ulikuwa wa nyuma. Baganda walikuwa na neno la kale kwamba watakaoila nchi watatoka mashariki.

Mackay na Ashe, wamisionari waliokuwa tayari Buganda, walilijua hilo na wakajaribu kumzuia. Alikwisha kuwa njiani.

Mjomba hapendi nisemavyo kwamba Askofu alikuwa na haraka. Amenyamaza kutoka Kericho mpaka Kisumu.

Siku ya tano, Ijumaa. Mumias na mpaka

Tulilala Mumias. Waswahili wa misafara walipaita Kwa Sundu, kwa jina la baba wa Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, na walikuwa wakifika hapa kutafuta pembe kabla ya Mzungu yeyote. Ndiyo maana hadi leo ukitembea Mumias Ijumaa saa sita unusu unaona kanzu na kofia kama uko Majengo. Uislamu ulifika hapa kwa miguu ile ile ya wapagazi.

Mjomba alimsimamisha mzee aliyekuwa akitoka msikitini, akamwamkia vizuri, akaeleza shida yake yote tangu Rabai. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwanza tunywe chai. Kwenye chai akatuambia alilolisikia kwa wazee wake: Mumia alimwambia Mzungu asiende. Mzungu akacheka, akaenda.

Yaliyoandikwa ni haya. Oktoba 12 Hannington alichagua watu 50 akaelekea Busoga. Jones akabaki hapa na wengine wote, kama 150, angoje habari. Akangoja hadi Desemba. Wiki nane watu 150 wanakula katika mji wa mfalme ambaye hawana la kumlipa, na mfalme hakuwafukuza. Wakati vitabu vinapanga "nchi za uadui" na "nchi za urafiki", jina la Mumia linapaswa kuwa na mstari wake.

Tulikaa pale chini ya mwembe nikamuuliza Mjomba lile ambalo nimekuwa nikiliogopa. Tutajuaje kama Yule Aliyekwenda alikuwa katika wale 50? Huenda alikuwa katika wale 150, akafia njia ya kurudi.

"Waliochaguliwa ni wenye nguvu," akasema. "Katika ukoo wetu watu wana nguvu." Akautazama mguu wake, akacheka mwenyewe.

Waliorudi walifika Rabai Februari 1886. Mbele yao alitangulia mtu na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Anayesoma Samweli wa Kwanza analijua. Ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa, maana yake utukufu umeondoka. Bibi hakujua kusoma, lakini hadithi yake ya Yule Aliyekwenda ilianzia kwenye kitambaa cha buluu, wanawake wametoka kuwatazama wanaoingia, kila mmoja anatafuta uso wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani kitambaa hicho amekitunga.

Mchana tukavuka Busia kwa vitambulisho tu, foleni fupi. Ng'ambo tukala rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai. Tumelala Iganga.

Siku ya sita, Jumamosi. Kyando

Kutoka Iganga hadi Mayuge kwa gari, kisha bodaboda mbili. Mashamba ya miwa, ardhi nyekundu, na mara moja moja unaliona ziwa kwa mbali kama bati. Kiswahili kimeanza kupungua; dereva wangu ana maneno ya jeshini tu, "kwenda", "simama", "pesa". Kwa Mjomba ni ajabu kwamba lugha iliyofika hapa kabla ya Kiingereza leo inaombwa radhi.

Hannington alifika kwa chifu Luba, hapa Bunya, Oktoba 21. Wakamkamata, wakamburura, wakamfungia. Kwa siku nane aliandika kwenye kijitabu kidogo cha kumbukumbu, na kijitabu kile kilipona. Nimekisoma kilichochapwa. Hakina ushujaa mwingi: kina homa, wadudu, harufu, wake za Luba wanaokuja kumtazama Mzungu kama watu wanavyotazama nyani kizimbani. Siku ya mwisho, Oktoba 29, anaandika kwamba hana habari yoyote, ila Zaburi ya 30 imemshika kwa nguvu. Na kwamba usiku fisi alilia karibu, amenusa harufu ya mgonjwa, naye anatumaini kwamba fisi huyo hatampata bado.

Siku hiyo hiyo wakamtoa. Walimwambia yeye na watu wake wanakwenda kuungana tena na kuendelea na safari.

Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliyetoa amri ya kumuua, alikuwa kijana wa miaka kama 18, mwaka mmoja tu kitini. Agosti mwaka ule manowari za Wajerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya jumba la Sultani Barghash Unguja, na habari hiyo ilipanda bara midomoni mwa wafanyabiashara. Wazungu wanakula nchi, wakaambiana barazani. Na sasa mkubwa wao anaingia kwa mlango wa nyuma. Nasema wazi, hofu yake haikuwa ya kijinga. Desemba 1890 Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza, alikuja na bunduki, akapita Busoga, akavuka Nile, na kabla mwezi haujaisha Mwanga alikuwa ametia sahihi mkataba. Aliona sawasawa kitakachokuja, ila alimuua aliyebeba Zaburi badala ya aliyebeba mzinga, pamoja na karibu watu 50 ambao hawakuwa na neno lolote na Buganda.

Hapo nilikuwa nikimwambia Mjomba haya yote, tumekaa kwenye majani chini ya mti, mlinzi wa mahali ametuletea kiti kimoja cha plastiki. Mahali penyewe pana utulivu. Kila Oktoba huja mahujaji wengi. Leo tulikuwa sisi, mlinzi, na mbuzi wawili waliofungwa kamba. Mjomba alimwuliza majina ya waliouawa na Askofu. Mlinzi, kijana mpole, akasema kwa Kiingereza ni "watu wake". Akarudia: watu wake.

Wanne waliponyoka. Mikuki ilikuwa mingi kuliko mikono ya kuishika vizuri, ndivyo ninavyodhani, na hao wanne ndio waliomfikishia Jones habari Kwa Sundu.

Mjomba hakulia. Aliomba kitabu cha wageni. Ni daftari kubwa la mistari, safu nne zimechorwa kwa rula: tarehe, jina, atokako, simu. Akaandika yake kwa mwandiko wa shule za zamani. Kisha akashuka mstari wa chini yake. Kwenye tarehe akaandika 29 Oktoba 1885. Jina akaliruka. Kwenye atokako akaandika Rabai. Kwenye simu akapiga kistari.

Mlinzi alisoma, akanitazama mimi, akafunga daftari.

Siku ya saba, Jumapili. Namirembe

Kampala tuliingia alfajiri, tukapanda kilima cha Namirembe kwa bodaboda. Kanisa kuu ni la matofali mekundu, kuba juu, na mji wote uko chini yako. Ibada ilikuwa ya Kiluganda. Mjomba alizijua tenzi zote kwa sauti, akaziimba kwa Kiswahili katikati ya watu, na hakuna aliyegeuka.

Wakristo wa kwanza wa hapa waliitwa wasomaji. Hawakuitwa waumini wala waongofu. Kujiunga ni kusoma, na mengi waliyoyasoma mwanzoni yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu lugha ya kitabu iliyokuwa barazani kwa Kabaka ilikuwa hiyo, imeletwa na Waislamu wa pwani. Na Waislamu wenyewe walitangulia kulipa: mwaka 1876 Mutesa, babake Mwanga, aliwachoma huko Namugongo vijana waliosilimu wakaacha kula nyama ya kuchinjwa na wachinjaji wake. Miaka kumi baadaye, Juni 3, 1886, mahali hapo hapo wakachomwa Karoli Lwanga na wenzake. Mashahidi wa Kikristo wanaohesabiwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wa kwanza wa Wakatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikatwa kichwa Novemba 15, 1885, kwa sababu alimwambia Mwanga usoni kwamba amekosea kumuua Hannington. Yaani kifo kile cha Kyando hakikuishia Kyando.

Kaburi la Askofu liko nje, pembeni ya kanisa. Mifupa yake ilitolewa Mumias na Askofu Tucker, ikazikwa hapa siku ya mwisho ya mwaka 1892. Na Mwanga alihudhuria.

"Muuaji kaja mazikoni," akasema Mjomba.

"Kaja."

"Akakaa mbele?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba Mwanga alipinduliwa, akapelekwa Ushelisheli 1899, akabatizwa huko jina la Danieli, akafa 1903. Mjomba akalifikiria hilo kwa muda mrefu, ameegemea fimbo. Mwishowe akasema Danieli ni jina zuri.

Jioni tukashuka stendi ya mabasi ya kurudi Nairobi. Kabla hatujauliza chochote hamali mmoja, kijana mwembamba mwenye jezi iliyochanika begani, akalinyakua begi la Mjomba, la kwangu akalitupia juu yake, yote mawili kichwani, akatangulia katikati ya magari. Tulimfuata kwa shida. Alipoyashusha kwenye buti, Mjomba akamshika mkono, akamwuliza jina.

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Alidhani kuna kitu kimepotea. "Mzee, mimi sijafungua."

"Najua hujafungua. Jina lako nani?"

Akalitaja, polepole, huku akitazama pembeni. Mjomba akalirudia mara mbili ili alitamke vizuri, akatoa elfu tano, akaniambia nimsaidie kupanda ngazi.